Toa ngazi, funga slaida: maswali ya wiki hii

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: kung'oa zile ngazi za pembeni zinazokuja na gari kutoka kiwandani na kufunga slaida za chuma, yaani mabomba mazito yanayoshikwa na chesisi kukinga ubavu wa chini wa gari. Somo ninalipenda, kwa hiyo nimeyakusanya pamoja. Ila narudia ombi ambalo nimechoka kulirudia: ukiuliza, taja gari, mwaka wake, na kama ni refu au fupi. "Nina Prado" haitoshi. Prado 90, 120, 150 na 250 ni magari manne tofauti, slaida ya moja haikai kwenye nyingine, na zile tatu za mwanzo zilitoka za milango mitatu na za milango mitano.

Shikamoo fundi. Nina Prado 150 ya mwaka 2014. Tukitoka Engaruka kwenda Ziwa Natron nilikalia jiwe, ngazi ya kushoto ikapinda na kulikunja bati la chini ya mlango wa nyuma. Mlango sasa unafungwa kwa kubamiza. Fundi wangu anasema ninunue ngazi nyingine kama ile ile, yaishe. (Arusha)

Marahaba. Yataisha mpaka jiwe linalofuata.

Ingia uvunguni uangalie ile ngazi ilikuwa imeshikwa wapi. Kwenye magari mengi ya aina hii, vishikio vya ngazi ya kiwandani hufungwa kwenye bodi kwa bolti ndogo, si kwenye chesisi. Imetengenezwa kubeba mtu anayepanda, basi. Gari la zaidi ya tani mbili likikalia jiwe, ngazi inasukumwa juu, na kwa kuwa imeng'ang'ania bati, inapanda nalo. Ndiyo maana umeharibikiwa na vitu viwili: ngazi yenyewe, na ule ukingo wa chini wa bodi ambao haufunguliwi kwa spana. Ule hukatwa, hunyooshwa, huchomelewa na kupigwa rangi, na ukinyooshwa ovyo mlango haukai sawa tena.

Slaida miguu yake inashika chesisi, bodi haiigusi kabisa. Gari likilala juu ya jiwe, uzito unapita kwenye slaida na kuingia kwenye chesisi, nawe unateleza ukapita. Kipimo changu ni kimoja, kwa slaida ya kuagizwa na ya fundi wa mtaani sawasawa: weka jeki chini yake, katikati, nyanyua mpaka tairi moja la upande huo lianze kuachia ardhi, huku macho yako yakiwa kwenye mwanya kati ya slaida na bodi. Mwanya ukibaki, una slaida. Mwanya ukiziba, mguu ukijikunja, au bomba likibonyea pale jeki ilipogusa, una pambo. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya jaribio hilo mbele yake amekwisha kukujibu.

Kwa hiyo nyoosha bati kwanza, ndipo ufunge slaida. Ukianza na slaida, mnyoosha bodi atakuambia uivue apate nafasi.

Kuhusu kuvua ngazi ya kulia ambayo bado iko nzima: usimruhusu mtu aje na bomba refu la kuongezea mkono wa spana siku ya kwanza. Sugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, ziache zilale. Asubuhi puliza tena, legeza robo mzunguko, rudisha kidogo, legeza tena. Nati za ndani zimechomelewa kwenye bati jembamba. Ukilazimisha, nati inang'oka na kuanza kuzunguka pamoja na bolti, ndani ya boksi usiloweza kuingiza hata kidole. Hapo ndipo grenda inapoitwa, na cheche zake zikigonga kioo cha mlango zinaganda humo humo, hazifutiki. Ikibidi kukata, funika kioo na rangi kwa blanketi lililoloweshwa.

Slaida nzuri bei gani?

Ya gari gani?

Kuna fundi hapa Gerezani amenipa bei nusu ya zile za kutoka Australia. Anatumia skwea paipu. Gari ni Land Cruiser 100. Nimwamini? (Dar es Salaam)

Fundi wa Gerezani anayejua kuchomelea anaweza kukutengenezea slaida itakayodumu kuliko gari. Ninachokigombania kila mara si fundi, ni chuma anachokwenda kununua. Mwambie akuonyeshe ncha ya bomba kabla hajalikata, na uipime kwa kalipa. Skwea paipu nyingi zilizoegemezwa nje ya maduka ya vyuma ni geji 16, yaani ukuta wa milimita 1.5 hivi. Hizo ni za madirisha na mageti. Zikipakwa rangi nyeusi na kufungwa chini ya Land Cruiser zinapendeza sana, na jiwe la kwanza linazikunja kama bomba la sharubati. Kwa gari lako usikubali ukuta chini ya milimita 3, pleti za kushika chesisi zisipungue milimita 5, na miguu isipungue mitatu kila upande. Minne ni bora. Kila mguu uwe na pembetatu ya kuusaidia pale unapokutana na bomba kuu, maana hapo ndipo panapovunjika.

Halafu muulize kama bomba ni la mabati, lile la maji. Kama ndiyo, kataa. Zinki iliyolifunika ikichomwa inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta usiku wake anatetemeka kwa homa. Vijana wetu wanachomelea mabomba hayo kwenye vibanda visivyo na dirisha na kuambiana wanywe maziwa. Maziwa hayatoi moshi kifuani.

Jambo la mwisho: vipimo vichukuliwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake, na kati ya slaida na bodi ubaki mwanya wa vidole viwili. Bodi ya gari lako imekalia raba juu ya chesisi, kwa hiyo vitu hivyo viwili havitembei pamoja. Slaida iliyobanwa ikagusa bodi ili "ikae vizuri" itakula rangi yako kila ukipita rasta.

Bolti ama kuchomelea? Mimi niko na Prado 120, tunapanga kupanda Maralal, Baragoi hadi Loiyangalani Disemba. Magari ya Rhino Charge nimeyaona, mengi yamechomelewa. (Nairobi)

Rhino Charge ni mchezo mwingine. Tangu 1989 watu hukusanyika mara moja kwa mwaka kuchangia fedha za uhifadhi, uzio wa Aberdare ukiwa ndio uliowaanzishia, na anayeshinda ni yule anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Maana yake ni kukata bonde na jabali moja kwa moja. Gari la hivyo hujengwa kwa kazi hiyo, mwenyewe hafikirii atamuuzia nani, na fundi anamfuata nyuma. Wewe unakwenda na familia na maji ya siku tatu.

Kwako nasema bolti. Mosi, slaida ya bolti ikipinda huko Baragoi inafunguliwa na kunyooshwa kwa nyundo, au inaachwa kwa mtu. Pili, ukichomelea chesisi joto linaibadilisha chuma kando ya ule mshono, na chesisi isipopasuka pale, hupasuka sentimita mbili pembeni. Tatu, ndani ya boksi la chesisi rangi na kinga ya kutu zimeungua na huwezi kufikisha brashi. Miaka miwili baadaye kutu inatokea nje ikiwa imekwishamaliza kazi ndani.

Ila bolti nazo zina adabu yake. Chesisi ya Prado ni boksi lenye uwazi. Ukitoboa upande mpaka upande na kukaza bolti ndefu bila kuweka ndani kipande cha bomba cha kuzuia, unaliminya boksi, linabonyea, bolti inalegea, unakaza tena, linabonyea zaidi. Tumia matundu ya kiwandani yaliyopo kadiri inavyowezekana, na pleti zinazokumbatia chesisi kutoka chini na ubavuni. Bolti ziwe na namba 8.8 au 10.9 kichwani, ndiyo daraja la nguvu yake. Bolti isiyo na namba ni ya kitanda. Kama mtengenezaji hakukupa kipimo, bolti ya milimita 12 yenye namba 8.8 na uzi wa kawaida hukazwa kwa Nm 80 hivi, ya milimita 10 kwa Nm 45 hivi. Ukaze kwa spana ya kipimo, si kwa kuguna.

Kama umeshaamua kuchomelea, basi sikiliza. Toa waya wa betri. Ushikizo wa ardhi wa mashine uwe karibu kabisa na pale unapochomea, usiufunge kwenye bampa. Tafuta mirija ya breki na ya mafuta inakopita, ifungue uisogeze. Kapeti ya ndani iinuliwe, maana bati la sakafu likipata moto kapeti inawaka mkiwa wote mko uvunguni. Mtu mmoja akae ndani ya gari na kizimamoto, hana kazi nyingine. Na mguu usichomelewe moja kwa moja kwenye chesisi. Kwanza pleti pana, ndipo mguu juu ya pleti.

Njia ya Loiyangalani ina mawe meusi ya volkano yanayokata mbavu za tairi, na huko slaida haitakusaidia. Beba stepni mbili kabla hujafikiria habari ya slaida.

Sisi tuna Land Cruiser za utalii zilizorefushwa. Slaida za dukani hazifiki mwisho. Tuongezee kipande? (dereva, Arusha)

Zisingefika, zimepimwa kwa gari la kiwandani. Tengenezeni mpya, bomba kuu liwe moja bila kiungo, na mguu wa slaida usikae juu ya pale chesisi ilipokatwa na kuungwa. Mshono ule una kazi yake tayari.

Na mkiwa hapo chini, usugueni kwa brashi ya waya muutazame. Ukiona mstari mwembamba wa kutu unatambaa kando ya mshono, gari lisipande kreta Jumatatu, hata kama wageni wamelipa.

RAV4 ya 2008. Nataka slaida kama za jirani yangu mwenye Hilux. (Mwanza)

RAV4 haina chesisi ya kushika slaida. Bodi ndiyo chesisi. Utakachofungiwa ni bomba lililoshikwa na bati, yaani ngazi nzito zaidi. Hivyo hivyo X-Trail, Forester na Harrier. Wenye Pajero nao waangalie: zilizoanza 1999 bodi na chesisi zimekuwa kitu kimoja, za kabla ya hapo zina chesisi yake pembeni. Jimny, ingawa ni kadogo, ina chesisi kamili na slaida inaikubali. Fedha yako peleka kwenye tairi nzuri na pleti ya kukinga injini, na jifunze kushuka garini kuangalia njia.

Fundi, nimefunga slaida, safi kabisa. Tatizo mama mkwe hawezi tena kupanda. Anasema nimemfungia mlango makusudi. (Tanga)

Mama mkwe ana haki, na hili watu hulisahau kila siku. Ngazi ya kiwandani ni pana, iko chini, na ina mpira wa kuzuia kuteleza. Slaida nyingi ni bomba la mviringo lililobanwa juu karibu na bodi, kwa sababu kadiri inavyokuwa juu ndivyo isivyogonga. Mtu aliyevaa buibui au kanga akikanyaga bomba la mviringo lenye tope, utamwokota.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuziba nafasi kati ya bomba la ndani na la nje kwa bati lenye matundu na meno, lile la kukanyagia. Upana wa kiatu unatosha. Ya pili ni kipande cha kukanyagia kinachofungwa chini ya slaida kwa bolti mbili, unakivua ukienda porini. Ya tatu, ambayo mimi ningeianza leo kabla ya jua kutua, ni kigoda imara nyuma ya kiti, nawe ndiye wa kushuka kukiweka, si yeye.

Wanaotaka kuagiza sasa hivi wajue: slaida hutengenezwa bapa au zikiwa zimeinuka kidogo kuelekea nje. Zilizoinuka zinakinga milango vizuri zaidi na jeki haiponyoki kwa urahisi. Bapa zinakanyagika. Ukiwa na wazee na watoto nyumbani chukua bapa. Lile bomba linalotokeza nje karibu na tairi la nyuma si urembo: ukikata kona ukaegemea mti, linausukuma ubavu wa nyuma usikwaruzwe.

Prado 150 yangu dashibodi inaandika KDSS. Muuzaji anasema slaida ni slaida. (Moshi)

Muuzaji anataka kufunga duka mapema. KDSS ni mfumo wa mafuta ya haidroliki unaolegeza na kukaza stabilaiza (vyuma vya kuzuia gari lisilale kwenye kona) za mbele na nyuma, na una mirija na vifaa vyake vilivyoshikwa kwenye chesisi, palepale ambapo mguu wa slaida ungependa kukaa. Slaida za gari lenye KDSS hutengenezwa na miguu iliyohamishwa. Ukifungiwa za kawaida, fundi atakuja na grenda kupunguza "kidogo tu", au atausogeza mrija mpaka usugue. Uliza kwa maandishi kama zinafaa kwa KDSS kabla hujalipa.

Niko Maskati, Nissan Patrol Y61, twenda Wadi Bani Awf mara kwa mara. Slaida za alumini zafaa? (Oman)

Za alumini ni nyepesi na hazishiki kutu nyekundu. Lakini mabonde yenu ni mawe matupu, na alumini juu ya jiwe kali inaumwa na jiwe: inachubuka, inapata meno, halafu yale meno yanashika badala ya kuteleza. Chuma kinateleza. Patrol haitajali kilo 50 za ziada. Kama umeshanunua za alumini, weka raba au plastiki ngumu kati yake na pleti za chuma, maana metali hizo mbili zikigusana penye chumvi na unyevu alumini inaliwa. Nanyi mko karibu na bahari.

Slaida zangu zinalia kwi-kwi tangu wiki ya pili. Fundi anasema ni kawaida, "zinajipanga". (Dodoma)

Hakuna kujipanga. Chukua karatasi ngumu, pitisha kati ya slaida na bodi toka mbele mpaka nyuma. Inapokwama ndipo zinapogusana. Kama hapagusi popote, kagua bolti zote kwa spana ya kipimo. Slaida mpya yoyote inatakiwa kukazwa upya baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, na nina hakika yako haikukazwa. Kama bolti ni nzima na mwanya ulikuwepo siku ya kufunga lakini sasa haupo, raba za bodi zimekufa na bodi imeshuka. Hilo ni tatizo la gari, slaida imekutolea taarifa tu.

Nimetoa ngazi, yamebaki matundu kwenye bodi. Na slaida zangu zilizookwa rangi ya poda zimeanza kutoa malengelenge. (Mombasa)

Matundu yazibe leo: safisha, paka praima ukingoni, sukumiza kizibo cha raba. Usizibe yale madogo ya kiwandani yaliyo chini kabisa ya ukingo wa mlango, hayo ni ya kutolea maji. Ukiyaziba, ukingo unajaa maji ya mvua na kuoza kutoka ndani. Na kama ngazi yako ilikuwa na taa, usiache waya unaning'inia. Funga kila ncha peke yake kwa tepu na uubane juu.

Rangi ya poda ni nzuri kwenye geti. Kwenye slaida, jiwe linaipasua, maji ya chumvi yanaingia chini yake na kutembea, wewe huoni mpaka inyanyuke. Kwangua malengelenge yote, piga msasa, praima ya zinki, halafu rangi ya kawaida ya kopo utakayoipaka tena kila baada ya safari. Hewa ya Mombasa haitanii.

Gari halitoki lami, Mbezi mpaka mjini. Nifunge?

Hapana. Utaongeza mzigo na mafuta, na bodaboda atakayekugusa ataumia zaidi. Kama lazima ununue kitu, nunua matairi.

Jeki ya Tanganyika inaruhusiwa kwenye slaida? (Iringa)

Ndiyo, hiyo ni moja ya sababu za kuwa nayo, mradi slaida imepita lile jaribio la juu. Lakini jeki hii ndefu ya mkono imevunja taya za watu wazima. Weka vigingi kwenye matairi, mkono wa jeki usiuachie ukiwa katikati, uso wako usiwe juu yake hata mara moja, na usiingie uvunguni gari likiwa limeshikwa na hiyo peke yake. Ukishusha, mkono ukikuponyoka unaweza kupiga juu na chini wenyewe. Ushike.

Ngazi za zamani nizitupe?

Usitupe. Zioshe, zifunge kwa gunia, bolti na vishikio vyake vitie kwenye mfuko ufungwe kwa waya kwenye ngazi yenyewe, uandike ipi ya kulia na ipi ya kushoto. Siku ukiuza gari, slaida unaweza kubaki nazo kama mnunuzi hazitaki, na yeye atataka ngazi zake pamoja na bolti zote.